Kaseti zimerudi sokoni, na zile za kabatini kwetu je?

Kila baada ya miezi michache inapita habari mitandaoni kwamba kaseti zimerudi, picha inakuwa ya staa fulani wa Marekani na kaseti yake ya rangi ya waridi, halafu watu wanagawanyika hapohapo, wengine wanashangilia kwamba enzi zimerejea, wengine wanauliza nani atanunua kitu kinachoweza kuliwa na redio wakati simu ina nyimbo zote za dunia. Mimi nikisoma naona watu wanabishana juu ya mambo matatu tofauti yaliyofungwa kwenye habari moja. Kuna kaseti mpya zinazouzwa na mastaa kwa mashabiki kama kumbukumbu. Kuna kaseti mpya za wasanii wadogo ambao wanatafuta njia ya bei nafuu ya kuuza muziki unaoshikika mkononi. Halafu kuna kaseti za zamani zenye sauti ambazo hazipo popote pengine, si YouTube si Boomplay si kwenye maktaba ya redio yoyote. Hili la tatu ndio linalotuhusu sisi wa huku kuliko yote, ndio linazungumzwa kidogo kuliko yote, na ndio pekee lenye haraka.

Tuanze na namba maana hapo ndipo chumvi inaongezwa sana. Uingereza mwaka 1989 ziliuzwa albamu za kaseti zipatazo milioni 83. Mwaka 2022, ambao magazeti ya kule yaliandika sana kwamba kaseti imefufuka, ziliuzwa zaidi kidogo ya 195,000. Ni kweli hiyo ndio namba kubwa tangu 2003 na ni kweli ilikuwa inapanda mwaka hadi mwaka, ila weka hizo namba mbili pamoja utaona kilichorudi ni kidogo sana ukilinganisha na kilichokuwepo. Santuri ndio zimerudi kwa nguvu. Mwaka huohuo 2022 Waingereza walinunua santuri kama milioni 5.5, na Marekani santuri ziliuzwa nyingi kuliko sidii kwa mara ya kwanza tangu 1987, milioni 41 kwa milioni 33. Kwahiyo mtu akikwambia vitu vya zamani vimerudi muulize vipi hasa, maana santuri saa hizi ni biashara kubwa yenye viwanda, kaseti bado ni biashara ya pembeni.

Sasa hii kaseti yenyewe ni kitu gani? Ilitengenezwa na Philips, na aliyeongoza ile timu kwenye kiwanda chao cha Hasselt kule Ubelgiji ni Mholanzi Lou Ottens. Waliionyesha mara ya kwanza kwenye maonyesho ya redio ya Berlin mwaka 1963. Kabla ya hapo kurekodi kulikuwa ni mambo ya rili, unachukua utepe kwa mkono, unaupitisha kwenye hedi, unaufunga kwenye rili ya upande wa pili ndio unawasha, kazi ya watu wa redio na studio. Ottens alitaka kitu kinachoingia mfukoni, na inasimuliwa kwamba alikata kipande cha mbao akawa anakiweka kwenye mfuko wa koti lake ili apime ukubwa unaofaa. Baadaye Philips wakaruhusu kampuni nyingine zitengeneze bila kulipia leseni mradi wafuate vipimo vilevile, na mimi naona huu uamuzi ndio mkubwa kuliko hata ufundi wenyewe, maana ndio uliofanya kaseti iliyorekodiwa Muscat icheze kwenye redio yoyote Tabora bila mtu kuuliza ni ya kampuni gani. Ottens alifariki 2021 akiwa na miaka 94, na huyu mzee hakuwa na mapenzi kabisa na huu ufufuo, alishiriki pia kazi ya kuileta sidii na mpaka mwisho alisema sidii ndio yenye sauti nzuri.

Na kiufundi alikuwa sahihi, lazima tuseme ukweli hapa. Utepe wa kaseti ni plastiki nyembamba yenye upana wa milimita 3.81, imepakwa unga wa chuma unaoshika sumaku. Hedi ya redio ni sumaku ndogo ya umeme, ukirekodi inaupanga ule unga kufuata sauti, ukicheza unga unapita mbele ya hedi na kuzalisha tena umeme mdogo ambao unakuzwa mpaka unasikia wimbo. Ubora wake unategemea mambo mawili makubwa, upana wa njia na kasi ya utepe, na kaseti ni masikini kwenye yote mawili. Zile milimita 3.81 zinagawanywa njia nne, mbili za upande A na mbili za upande B, kwahiyo kila njia inabaki na kama nusu milimita hivi. Kasi ni sentimita 4.76 kwa sekunde, wakati rili ya studio ilikuwa inakimbia sentimita 38. Ndio maana unasikia ule mvumo wa ssss kwa nyuma muda wote, ndio maana matoazi na sauti kali za juu zinafifia, na ndio maana injini ikiyumba kidogo tu mwimbaji anakuwa kama anatetemeka. Kaseti ya kawaida bila msaada wa Dolby, yaani ile sakiti ya kupunguza mvumo, inatoa nafasi ya kama desibeli 50 kati ya mvumo na sauti kubwa kabisa, sidii inatoa 96.

Kwahiyo wanaosema kaseti ina sauti bora wanakosea, ila wanaosema ina sauti wanayoipenda hawakosei. Ukiisukuma sauti kubwa kwenye utepe haikatiki ghafla kama inavyokatika kwenye dijitali, unga unajaa taratibu, vilele vya sauti vinabanwa, besi inanenepa, na sikio linasikia kitu laini ambacho watu wanakiita joto. Maprodyuza wa leo wanalipia programu za kuiga hilo kosa. Hakuna uchawi wowote pale.

Huku kwetu kaseti haikuja kama mbadala wa sauti bora, ilikuja kwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kumiliki kifaa chochote cha kuhifadhi sauti. Santuri zilikuwepo mapema sana, Siti binti Saad na wenzake walitoka Zanzibar mwaka 1928 wakaenda mpaka Bombay kurekodi, na baadaye Mombasa kulikuwa na lebo ya Mzuri iliyotoa taarabu nyingi za miaka ya 60 na 70, na Nairobi kulikuwa na viwanda vya kuchapa. Lakini santuri inataka gramafoni, inataka umeme au angalau meza isiyotikisika, na inataka mtu mwingine akuchapie. Tanzania hatukuwa na kiwanda cha santuri kinachofanya kazi, bendi zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam kwenye rili kwa ajili ya kupigwa redioni, ukitaka santuri ya biashara unavuka kwenda Nairobi, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka kufungwa hata hiyo njia ikawa ngumu. Kwahiyo nyimbo kibao za Mlimani Park, Vijana Jazz, Maquis, Dar International na wengine zilikuwa maarufu nchi nzima na huwezi kuzinunua mahali popote, zinasikika tu RTD wakiamua kupiga.

Redio kaseti ndio ikafungua huo mlango. Inatumia mawe ya betri, inabebeka, na ina kile kitufe chekundu cha kurekodi ambacho kilikuwa kitu kipya kabisa maishani mwa watu. Wimbo ukianza redioni unabonyeza, basi ni wako. Ukikutana na mwenye dabo deki, ile mashine ya kaseti mbili, unapata nakala. Vikatokea vibanda vya kurekodi karibu kila mji, ukutani orodha ya nyimbo imeandikwa kwa mkono, unapeleka kaseti tupu ya dakika 60 au 90, unataja unachotaka, unarudi jioni kuichukua. Mombasa kulikuwa na Mbwana Radio Service ambayo watafiti wa taarabu wengi wameitaja, pale ulikuwa unarekodiwa kutoka kwenye akiba yao, na akiba hiyo ilikuwa na vitu vya harusini ambavyo havikuwahi kuingia studio.

Hapa kwenye kaseti za harusi naomba nikae kidogo. Waimbaji wa taarabu kama Juma Bhalo au Zein l'Abdin wakialikwa kwenye harusi waliimba usiku mzima, na mtu mwenye rekoda alikuwa anaiweka mbele ya spika au anachukua waya moja kwa moja kutoka kwenye mashine. Ukiisikiliza kaseti ya namna hii unapata wimbo wa dakika kumi na kitu ambao kwenye santuri ungekatwa uwe dakika tatu au nne. Unasikia mtu anakuja kutunza na vigelegele vinapanda hapohapo, mwimbaji anaurudia ule ubeti uliochoma, mara mbili, mara tatu, kwa sababu ameona umemgusa nani. Unasikia viti, watoto, jenereta kwa mbali. Halafu katikati ya ubeti mzuri kabisa inalia tak, upande A umeisha, na aliyekuwa anarekodi kageuza haraka ila umekosa mistari miwili. Mashairi ya mafumbo ya taarabu yaliishi hivyo, kwa kujibizana harusi hadi harusi, na kaseti ndio zilikuwa zinabeba jibu kutoka mtaa huu kwenda mwingine na kutoka Mombasa kwenda Lamu, Unguja mpaka kwa ndugu walioko Oman na Dubai. Watu hao hao walitumiana na barua za sauti, mama anakaa mbele ya redio anamsalimia mwanae aliyeko Muscat nusu saa nzima, anampa mgeni anayesafiri. Sijui kama kuna kitu cha thamani zaidi kinachoweza kukaa kwenye plastiki ya gramu chache.

Kaseti pia ilikuwa ngumu kudhibitiwa na serikali yoyote. Mfano unaotajwa sana ni hotuba za Khomeini, kiongozi wa mapinduzi ya Iran, zilizorekodiwa Ufaransa mwaka 1978 na kusambaa Iran nzima kwa kunakiliwa. Huku Kenya mwaka 1990, baada ya vibanda vya Muoroto kubomolewa Nairobi, zilitoka kaseti za nyimbo za Kikikuyu zilizolalamikia ubomoaji ule na siasa za wakati huo, zikawa zinapigwa kwenye matatu, polisi wakaanza kukamata wauzaji. Redio ilikuwa ya serikali lakini dabo deki ilikuwa ya kila mtu.

Upande wa pili wa hilo ni kwamba wanamuziki waliumia. Kaseti moja ikitoka asubuhi jioni kuna nakala mia na mwenye wimbo hapati hata senti. Soko la santuri Nairobi lilikufa kwa sehemu kubwa kwa sababu hiyo, na Tanzania sheria ya hakimiliki ya kueleweka ilikuja mwaka 1999 ndipo COSOTA, taasisi ya kusimamia hakimiliki, ikapatikana, miaka mingi baada ya watu kuzoea. Hawa waliopata umaarufu miaka ya 70 na 80 wengi wamekufa wakiwa hawana kitu huku nyimbo zao zikipigwa kila baa. Tukiongea kwa hamu kuhusu zama za kaseti hili lazima lisemwe palepale. Kitu kilekile kilichookoa nyimbo zisipotee ndicho kilichowanyima wenyewe riziki, na yote mawili ni kweli.

Turudi kwenye huu ufufuo sasa, maana ndio habari inayopita kila siku. Kwanini unatokea?

Kwa mastaa wakubwa jibu ni rahisi, ni mauzo. Mtu akisikiliza wimbo mtandaoni msanii anapata visenti, mashabiki wakitaka kumuunga mkono wanahitaji kitu cha kununua. Kaseti ni ndogo, inatengenezwa haraka, inawekwa rangi tano tofauti na shabiki wa kweli ananunua zote tano. Uingereza kaseti inahesabika kwenye chati za albamu, kwahiyo wiki ya kwanza ya kutoa albamu kaseti zinasaidia kupanda. Mwaka 2020 kaseti iliyouzwa kuliko zote kule ilikuwa ya Lady Gaga, na wapo wanaonunua kaseti hizi bila hata mashine ya kuzichezea, wanaziweka rafu. Mimi siwalaumu, mtu kuwa na kitu cha msanii anayempenda ni jambo zuri, ila tusiseme huo ndio usikilizaji wa kaseti.

Kwa wasanii wadogo ni hesabu nyingine. Kutengeneza santuri ni gharama, viwanda ni vichache, na mnyororo wenyewe ni mwembamba. Februari 2020 kiwanda cha Apollo Masters kule California kiliungua, na kilikuwa kimoja kati ya viwili tu duniani vilivyokuwa vinatengeneza zile sahani za laka ambazo santuri nyingi huanzia hapo. Msanii asiye na jina akitaka nakala mia anaambiwa asubiri miezi. Kaseti unaweza kutengeneza hamsini tu, hata nyumbani kwako ukiwa na dabo deki na uvumilivu, ukaziuza mlangoni kwenye shoo na hela ikabaki kwako. Hii kwangu ndio sehemu yenye uhai ya ufufuo mzima. Kuna Nyege Nyege Tapes ya Kampala, lebo iliyoipeleka singeli, ule muziki wa kasi wa Dar es Salaam, ya Sisso Studios duniani kwa mkusanyiko wa 2017, na neno hilo la mwisho kwenye jina lao si pambo, kaseti ni sehemu ya kazi yao tangu mwanzo. Wanunuzi wao wengi wako Ulaya na Marekani, vijana wa Manzese na Mburahati singeli wanaipata kwenye simu na flashi, lakini ni kaseti za Afrika Mashariki zinazotengenezwa leo na zinauzwa.

Halafu kuna vijana waliozaliwa baada ya 2000 ambao hawana kumbukumbu yoyote ya kaseti na ndio wananunua. Watu wanasema ni fasheni, na fasheni ipo, ila nadhani kuna zaidi ya hapo. Muziki wa kulipia kwa mwezi unaukodi tu. Leseni ikiisha au msanii akigombana na lebo yake wimbo unatoweka kwenye orodha yako usiku mmoja na hakuna wa kumuuliza. Na ule wingi wenyewe unachosha, unabonyeza mbele mbele mbele mpaka nusu saa inaisha hujasikia wimbo mmoja mzima. Kaseti inakulazimisha ukae na upande A mpaka mwisho kwa sababu kuruka wimbo ni kazi. Kijana aliyekulia kwenye simu hilo ni jambo jipya kabisa kwake.

Tatizo ni kwamba huu ufufuo umekuta viwanda vimeshakufa. Utepe wenyewe ulibaki kutengenezwa sehemu chache sana, National Audio Company ya Springfield, Missouri, ambayo ipo tangu 1969, ilipoona stoo ya utepe duniani inaisha ikabidi inunue mitambo ya zamani na kuanza kupaka utepe wake yenyewe. Kinachotengenezwa leo zaidi ni utepe wa kawaida wa chuma, zile aina bora za krom na metali ambazo watu wa hifai walikuwa wanazipigania ni adimu sana. Mashine za kuchezea ndio balaa zaidi. Ukifungua redio kaseti mpya za bei nafuu, haijalishi jina lililoandikwa nje, ndani karibu zote utakuta mtambo wa aina moja, nakala ya China ya muundo wa kampuni ya Japani iitwayo Tanashin ambayo ilishaacha kuutengeneza. Injini nyepesi, gurudumu la kusawazisha kasi ni dogo na mara nyingi la plastiki, kwahiyo sauti inayumba. Dolby nao hawatoi tena leseni ya ile sakiti ya kupunguza mvumo kwa mashine za kaseti. Kuna waliojaribu kufanya vizuri zaidi, FiiO ya China wameleta chao 2024 chenye gurudumu zito la shaba, We Are Rewind ya Ufaransa nao wapo, lakini dek ya kati ya miaka ya 80 iliyofanyiwa matengenezo bado inawashinda wote. Ndio maana fundi anayejua kubadilisha belti na kusafisha hedi saa hizi ni mtu muhimu, na mafundi hao huku kwetu bado wapo, wengi ni wazee, na kazi yao ni kutengeneza sabufa na feni kwa sababu hakuna anayewaletea dek.

Jambo la tatu sasa, lile nililosema lina haraka. Wazungu kadhaa waliona mapema kuliko sisi. Mmarekani Brian Shimkovitz alianza mwaka 2006 kuweka mtandaoni kaseti alizokusanya Ghana na kwingineko, akaita Awesome Tapes From Africa, baadaye ikawa lebo. Moja ya kaseti hizo aliinunua Cape Coast mwaka 2002, ya Mghana anayeitwa Ata Kak, ambaye alikuwa ameitoa mwaka 1994 kwa nakala chache mno na hazikuuzwa. Ikatafutwa miaka, mwenyewe akapatikana, ikatolewa upya 2015 na mzee akaanza kuzunguka kwenye majukwaa ya Ulaya. Bila kaseti moja iliyouzwa barabarani hakuna kitu. Swali la nani anafaidika na nani anaamua kipi kitoke lipo na ni la haki kuulizwa, ila kwa huyu msanii mkataba ulikuwepo na malipo yalikuwepo, ambavyo zama za dabo deki havikuwepo.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Hargeisa, mji mkuu wa Somaliland. Mwaka 1988 ndege za serikali ya Siad Barre, rais wa Somalia wakati huo, zilipoupiga mji ule mabomu, watu wa Radio Hargeisa walikuwa wameshaanza kuzitoa rili na kaseti za kituo, nyingine zikafukiwa ardhini, nyingine zikavushwa kwenda nchi jirani. Baada ya vita zikafukuliwa. Leo kituo cha utamaduni pale Hargeisa kina maelfu na maelfu ya kaseti, pamoja na zile ambazo wananchi wa kawaida wameleta kutoka majumbani, nyimbo, mashairi, tamthilia, hata barua za sauti za familia, na zinahamishwa kwenda dijitali moja moja. Mwaka 2017 sehemu yake ilitolewa kama mkusanyiko na lebo ya New York na ukateuliwa kuwania Grammy. Wasomali walifanya hivyo wakiwa hawana serikali inayotambulika duniani. Sisi tuna amani na majengo, na rili za RTD za miaka ya 60 na 70 bado ni hazina ambayo wananchi wengi hawajawahi kuifikia.

Lakini hata tukiacha taasisi, kaseti zilizoko kwenye makabati na chini ya vitanda vya wazee wetu ni hazina ya pili na hiyo haina mlinzi. Hewa ya pwani ndio adui mkubwa, unyevu unaleta ukungu ule mweupe unaotambaa kwenye utepe. Joto linalipinda ganda la plastiki la kaseti. Na mara nyingi utepe wenyewe ni mzima, kilichokufa ni kitu kidogo. Igeuze kaseti uangalie mdomo wake, pale katikati kuna kijipande cha sufi kama punje ya hindi, kimegundishwa kwenye bati jembamba la shaba, kazi yake ni kuubana utepe kwenye hedi. Gundi yake inakauka baada ya miaka thelathini, kijipande kinadondoka, ukiicheza unasikia sauti ya mbali iliyozibwa unasema imeharibika unatupa. Haijaharibika. Fungua skrubu tano za kaseti yoyote usiyoitaka, hamisha bati lake, imepona. Kama ganda halina skrubu, limegundishwa, unalipasua taratibu kwenye ule mshono kwa kisu chembamba na kuhamishia rili zake mbili kwenye ganda jingine. Kama utepe umekatika unaunganishwa kwa utepe maalum wa gundi unaouzwa mtandaoni, usitumie selotepu ya kawaida maana gundi yake inatoka na kuchafua hedi.

Ukitaka kuhamisha utaratibu wenyewe ni huu. Kwanza tafuta dek inayocheza vizuri, usiijaribu na kaseti ya bibi, ijaribu na ya bure. Safisha hedi, kile kijiti cha chuma na kigurudumu cha mpira kwa pamba na spiriti, mpaka pamba itoke nyeupe. Kaseti iliyokaa miaka isiguswe na pleyi moja kwa moja, ipeleke mbele mpaka mwisho halafu irudishe yote, utepe uachiane, au kwa mkono kwa kalamu ya Bik kama unaona mzito. Yenye ukungu usiiingize kabisa kwenye dek yako nzuri, vaa barakoa, isafishwe kwanza. Zile dakika 120 ni za kuangalia zaidi, utepe wake ni mwembamba mno na ndio huliwa kirahisi. Hakikisha vile vijino viwili vya nyuma vimevunjwa ili usije kubonyeza rekodi kwa bahati mbaya.

Waya utoke kwenye dek tundu la laini auti uingie kwenye kompyuta kupitia kale kadude ka sauti ka USB, tundu la maiki la laptop nyingi linachukua upande mmoja tu. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Rekodi kwa WAV, kaseti ya dakika 60 inakula kama megabaiti 600, MP3 utatengeneza baadaye ya kuwatumia watu WhatsApp. Na kuna hii ambayo wengi hawaijui: pembeni ya hedi kuna skrubu ndogo, kaseti iliyorekodiwa kwenye redio nyingine hedi yake ilikuwa imeinama tofauti kidogo na yako, ndio maana sauti inakuwa kama imefunikwa blanketi. Izungushe hiyo skrubu taratibu sana huku unasikiliza, robo mzunguko hata chini ya hapo, mpaka herufi za S kwenye maneno ya mtu zisikike zimekatwa safi. Fanya hivyo kwa kila kaseti. Hili moja linabadilisha matokeo kuliko programu yoyote ya kusafisha sauti, na usipolifanya wakati wa kurekodi huwezi kulirudisha baadaye.

Usianze na kaseti za dukani zenye kava la kuchapwa, hizo mara nyingi kuna mwingine anayo nakala. Anza na zile zilizoandikwa kwa mkono, "harusi ya Mwanaidi", "mawaidha Ramadhani", "kwaya pasaka", "babu anaongea", au ambazo hazijaandikwa kitu kabisa. Ukimaliza andika kwenye jina la faili nani anasikika, wapi, mwaka gani kama anajulikana, na muulize mwenye kaseti wakati bado yupo, maana sauti bila jina baada ya miaka ishirini hakuna atakayejua ni ya nani. Nakala moja kwenye diski, nyingine kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Na kaseti yenyewe irudishe kwenye kasha lake, isimamishwe wima mahali pakavu mbali na spika, usiitupe, kwa sababu kesho anaweza kuja mtu mwenye dek bora kuliko yako.